Mpaka Alizeti Iishe Kupepetwa

Nduguti, Jumamosi, 7 Juni

Dada Ritha, shikamoo. Siku unapanda gari kwenda kambi ya JKT uliniambia, "Raheli, kila utakachobonyeza andika, na kila itakachokujibu andika, hata kama umefanya ujinga. Fundi anayeficha kosa hatengenezi kitu." Basi naanza leo, na naapa sitakuficha hata neno moja. Nitaandika ya kompyuta na ya hapa nyumbani pamoja, maana leo nimeona kwamba hayatenganishiki.

Leo ilikuwa Idi. Jirani yetu Sikudhani alituletea pilau, sinia zima limefunikwa kwa kawa, na kabla hatujanawa mikono kaka Noel akatokea. Unamjua, hunusa chakula kutoka kwa baba mkubwa mpaka hapa. Alimwamkia Baba, akala, akajifuta mdomo, kisha akafunua kanga niliyoifunikia kompyuta yako.

"Baba mdogo," akasema, "hii mashine imelala tu hapa kama kuku anayeatamia. Nipeni mimi nikaiweke bandani. Vijana wanapanga foleni na mimi mashine zangu mbili hazitoshi."

Nikasema haijalala. Nikasema naiwekea mfumo wa gemu, wa Linux, ulioniachia kwenye flashi.

"Li-nini?"

"Linux."

"Na atacheza nani?"

"Mimi na Sikudhani."

Akacheka mpaka akakohoa. Dada, hili sikukuambia. Mwezi wa nne mimi na Sikudhani tulikwenda kwenye banda lake la gemu. Tulikaa kwenye foleni kama wengine. Zamu yetu ilipofika akamnyang'anya Sikudhani padi ya kuchezea mkononi mbele ya wavulana wote, akasema, "Hii si ungo. Nendeni mkapepete." Tangu siku ile Sikudhani hapiti njia ya pale, anazungukia kwa nyuma ya kanisa.

Baba hakutaka ugomvi siku ya sikukuu. Akasema taratibu, kama anayesoma mizani, "Alizeti iko shambani. Raheli ana muda mpaka tumalize kupepeta. Ikicheza hiyo gemu mbele ya macho yangu, inabaki hapa. Isipocheza, Noel aichukue."

Nikajibu, "Sawa, Baba." Moyoni nilijibu kwa sauti kubwa zaidi.

Jumapili, 8 Juni

Baada ya ibada nilichomeka flashi, nikawasha. Ikapita moja kwa moja kwenye mfumo wa zamani unaodai nywila ambayo hakuna anayeijua. Nikazima, nikawasha, nikabonyeza F12 kama ulivyosema. Kimya. Nikabonyeza F2, nikafika kwenye ule ukurasa wa bluu wa mipangilio. Nikaiambia ianze na flashi kabla ya diski.

Pale juu tarehe ilikuwa 1 Januari 2009 na saa ilikuwa sifuri. Nikapaza sauti kwa Mama aliyekuwa jikoni na simu yake, "Mama, saa ngapi?" Akasema, "Saa kumi na moja." Nikaandika tarehe ya leo, nikaandika 11:00. Nilijisikia vizuri, kama nimemsahihisha mtu mzima na amekubali.

Nikahifadhi. Umeme ukakatika palepale. Uliporudi, kompyuta ilikuwa imerudi mwaka 2009 na imesahau kila nilichoiambia.

Jumatatu, 9 Juni

Tumekata vichwa vya alizeti tangu asubuhi. Mgongo. Kompyuta sikuigusa.

Jumanne, 10 Juni

Nimehakikisha: kila ikizimwa inasahau. Sikudhani anasema ina ugonjwa wa bibi yake, ambaye ukimwamkia anakuuliza wewe ni mtoto wa nani, ukitoka ukirudi anakuuliza tena. Ni ile betri ndogo ya ndani uliyonionyesha, ya duara kama kifungo cha koti. Imekufa. Nimeuliza madukani, wana za saa za mkononi tu, ndogo mno.

Nikamwambia Baba tunahitaji betri. Akasema, "Iko kwenye umeme, betri ya nini?" Nikamweleza kwamba ni ya kukumbukia. Akanitazama, akatazama kompyuta, akatoka kwenda kufunga ng'ombe.

Haidhuru. Kama haikumbuki, nitaikumbusha mimi. Kila nikiwasha nitaingia ukurasa wa bluu, niandike tarehe na saa kwa mkono wangu, niiambie ianze na flashi.

Alhamisi, 12 Juni

Leo flashi imesoma! Pale pale nikamwita Mama aje aone maandishi yanavyoshuka. Akasema yanashuka kama mvua ya mawe, akarudi kwenye ugali. Mfumo uliniuliza maswali. Lugha nikachagua Kiingereza, maana Kiswahili hakikuwapo. Kisha ukaleta ramani ya dunia ukauliza niko mji gani. Nikabonyeza endelea bila kuchagua, kwa sababu nilidhani unauliza ili utuletee matangazo. Ukaanza kunakili.

Katikati kabisa kompyuta ikajizima na kujiwasha yenyewe. Kila kitu mwanzo.

Ijumaa, 13 Juni

Vilevile. Ikifika katikati inazima. Nimelaumu flashi, nimelaumu diski. Nilitaka kukulaumu na wewe lakini nimeapa kusema kweli, na kweli ni kwamba sijui.

Jumamosi, 14 Juni

Najua!

Ilikuwa jioni, nimekaa mbele ya kompyuta na Sikudhani ameshika waya wa umeme ukutani kana kwamba utakimbia. Taa ikafifia. Mama akasema bila kugeuka, "Wameshawasha mashine." Anasema hivyo kila msimu wa alizeti, kila siku, mpaka masikio yetu hayasikii tena. Ni ile mashine ya kukamua mafuta, jirani zetu wa nyuma. Ikianza kuzunguka inavuta umeme wa mtaa wote na taa zetu zinakuwa njano. Nikatazama kioo. Kompyuta ikazima.

Nilirukaruka mpaka Sikudhani akaachia waya. "Si mbovu," nikamwambia, "ina njaa tu! Mashine inailia chakula chake!"

Kesho Jumapili hawakamui.

Jumapili, 15 Juni

Umeingia. Dada, mfumo wote umeingia, kutoka mwanzo mpaka mwisho, taa nyeupe pee, upepo tu nje. Ulipomaliza uliniambia niondoe flashi nibonyeze Enta. Nikabonyeza. Ikawaka, ikaleta picha ya milima na orodha ya gemu tano za bure zilizokuja nao: ya mpira, ya magari, na nyingine ambazo sijazifungua.

Mama alisema neno la Kinyiramba ambalo husema ng'ombe akizaa salama.

Nilifungua ya magari. Yalitembea kama konokono, kisha kioo kikawa cheusi. Nikafungua ya mpira. Cheusi. Lakini nimelala nikicheka.

Jumatano, 18 Juni

Kwenye karatasi uliyoniachia pamoja na flashi uliandika: kioo kikiwa cheusi kwenye gemu, kadi ya picha haina programu yake, iunganishe na mtandao uipakue. Leo Mama alinikopesha simu baada ya shamba. Niliwasha hotspoti, kompyuta ikashika mtandao, na kitu cha kwanza ilichofanya ni kuharibu saa.

Nilikuwa nimetoka kuandika 11:00, kwa sababu ilikuwa saa kumi na moja. Yenyewe ikajibadilisha ikaandika 14:00. Hakuna mtu Nduguti ambaye saa yake ilikuwa inasema hivyo! Nikairudisha 11:00, baada ya muda ikaandika 14 tena. Tukabishana hivyo mara kadhaa. Mwishowe nikatafuta kwenye mipangilio, nikaona mahali palipoandikwa kwamba saa inajirekebisha yenyewe kwa mtandao, nikapazima. Hainifundishi saa kompyuta inayoamka kila siku mwaka 2009.

Kisha nikaiamuru ipakue programu ya kadi. Ikakataa. Iliandika mistari mingi ya Kiingereza kwamba faili la huko inakochota si halali. Nikarudia mpaka kifurushi cha Mama kikaisha. Mama alikuwa amekiweka ili aongee na wewe siku utakayoruhusiwa simu. Nisamehe. Nimeandika kwa sababu niliapa.

Ijumaa, 20 Juni

Imekataa.

Jumamosi, 21 Juni

Imekataa. Tumeanza kupiga vichwa vya alizeti kwa fimbo. Sikudhani alikuja kusaidia, na kila akipiga anasema "Noel!" Mama alimkemea, kisha nikamwona Mama anageuka upande kucheka.

Noel mwenyewe akapita na pikipiki. Akasimama.

"Vipi, fundi? Linus imekubali?"

"Linux."

"Nimesafisha meza yake kule bandani. Nimeiwekea na kitambaa."

"Kitambaa kizuri hicho," Sikudhani akamjibu, "utajifutia machozi."

Akaondoa pikipiki na vumbi lote likatuingia. Lakini nilimwona anavyolitazama rundo la alizeti kabla hajaondoka. Alikuwa anapima limebaki kiasi gani.

Jumatatu, 23 Juni

Imekataa. Nimejaribu laini ya simu ya mama yake Sikudhani, mtandao mwingine kabisa. Maneno yaleyale. Kwa hiyo si mtandao.

Jumanne, 24 Juni

Upepo umekata.

Unajua mwezi wa sita ulivyo huku, upepo unapiga mpaka mabati yanalia, ndiyo maana tunapepeta sasa. Leo asubuhi Baba alipanda juu ya kiti na ungo, akamwaga alizeti kwenye turubai ili makapi yapeperuke, na makapi yakaanguka miguuni kwake pamoja na mbegu. Akajaribu tena. Akashuka. "Tungoje," akasema.

Mama alisikitika kwa sababu wanunuzi wanakuja wiki hii. Mimi nilipiga magoti usiku nikaomba upepo usirudi. Nilipomaliza niliona aibu, nikaomba tena kwamba urudi, lakini usirudi haraka.

Alhamisi, 26 Juni

Hakuna upepo. Imekataa.

Ijumaa, 27 Juni

Leo sikuandika amri tena kama kasuku. Nilisoma. Mwalimu wetu wa Kiingereza hutuambia kwamba mwanafunzi anayeruka neno dogo atafeli swali kubwa. Nimekuwa nikisoma "si halali" na kukasirika. Lakini kuna neno dogo nililoliruka: bado. Imeandikwa kwamba faili hilo *bado* si halali, na litakuwa halali baada ya saa mbili na dakika kadhaa.

Kwa hiyo halijaharibika, ila muda wake haujafika. Muda gani? Nani anapika faili na kuliweka mezani kabla halijaiva?

Nikataka kungoja hizo saa mbili, lakini Baba hupenda kila kitu kizimwe tukikaa kula. Nikazima. Kesho itakuwa imesahau, nami nitaanza upya.

Jumamosi, 28 Juni

Sikutegemea nitakachoandika leo. Baba alikwenda Singida mjini na gunia za kwanza, zile zilizopepetwa kabla upepo haujakata. Alirudi jioni, akampa Mama sukari, akampa kila mtu chake, kisha akanyoosha kiganja kwangu kimefumbwa. Kilipofunguka kilikuwa na betri ya duara kama kifungo cha koti.

"Nilimwambia muuzaji nataka betri ya kukumbukia," akasema. "Alinicheka. Nikamwambia acheke lakini anipe."

Niliogopa nitalia, nikakimbilia bisibisi. Baba alinishikia tochi nikifungua kifuniko. Aliona vumbi la ndani akasema, "Kumbe na yenyewe inahitaji kupepetwa." Tuliweka betri, nikaandika tarehe, nikamwuliza saa ngapi, akatazama simu yake akasema saa moja kasoro robo. Nikaandika. Tukazima, tukawasha. Imekumbuka!

Nilikuwa nimemhesabu Baba upande wa Noel tangu siku ya Idi. Sijui sasa nimweke upande gani.

Jumapili, 29 Juni

Imekataa, na leo inasema faili litakuwa halali baada ya saa nyingi kuliko siku zote. Kwa nini ziongezeke? Betri ni mpya, na saa inakumbukwa sawasawa.

Jumanne, 1 Julai

Upepo umerudi. Ulianza alfajiri, mabati yakalia, na Baba alikuwa juu ya kiti kabla hatujanywa uji. Tumepepeta kutwa nzima. Makapi yameruka mpaka kwa kina Sikudhani. Rundo limekuwa dogo kuliko ng'ombe aliyelala.

Mama anaimba, na mimi siwezi kuimba. Baba akasema Ijumaa tutamaliza.

Nimejaribu tena jioni. Imekataa. Sitaitoa. Kama ni kuichukua, Noel aje aichukue nimeishika.

Jumatano, 2 Julai

Dada, kaa chini kama umesimama.

Jioni tumekaa jikoni, macho mekundu kwa makapi. Mama akasema, "Shule mnafungua wiki ijayo, ile karatasi inasemaje? Mnatakiwa kufika saa ngapi?" Nikaichukua karatasi ya shule, imeandikwa kwa Kiingereza, wanafunzi wa bweni waripoti kabla ya 16:00. Nikasoma kwa sauti bila hata kufikiri, "Kabla ya saa kumi jioni, Mama."

Nikaitazama karatasi tena.

Karatasi imesema kumi na sita, na mdomo wangu umesema kumi. Nimekuwa nikigeuza hivyo tangu darasa la tatu, kila siku, kwenye simu, kwenye redio, kwenye ratiba za mtihani, mpaka sijui tena kwamba ninageuza. Mama akitazama simu anaona 17:00 anasema kumi na moja. Na mimi nilichukua hiyo kumi na moja ya mdomoni nikaiandika kwenye kompyuta, ambayo haijui kwamba huku kwetu saa zinaanza kuhesabiwa jua likichomoza. Kompyuta imeamini ni saa tano ya asubuhi! Na Jumamosi ile na Baba, jua limekwisha kuzama, nikaiandikia saa moja kasoro robo, 00:45, yenyewe ikaelewa kwamba ni usiku wa manane uliopita. Halafu betri ya Baba ikalikumbuka kosa langu vizuri kabisa.

Ndiyo maana mafaili yote yalikuwa "bado". Kwa saa ya kompyuta yangu, watu walioyaandika leo mchana walikuwa bado hawajayaandika.

"Unaumwa?" Mama akauliza, kwa sababu nilikuwa nimesimama na kijiko.

Lakini ile 14:00 je? Hapo nilikaa nikafikiri zaidi. Haikuwa ya kwetu kwa hesabu yoyote, ndiyo maana niliidharau. Kisha nikakumbuka Jiografia ya kidato cha pili, longitudo na muda: sisi tuko mbele ya Greenwich kwa saa tatu. Kumi na saba toa tatu, kumi na nne. Ule mji kwenye ramani! Nilibonyeza endelea bila kuchagua, kwa hiyo mfumo ukanihesabu niko kwenye mstari wa Greenwich, na saa ilipojirekebisha ikaleta saa ya Greenwich. Ilikuwa sahihi. Nilimziba mdomo aliyekuwa sahihi kwa wiki mbili, kwa sababu tu alisema jambo nisilolizoea.

Nilicheka peke yangu, kisha nikamweleza Mama, kisha tukacheka wawili. Mama akasema, "Yaani umeiwekea saa za kwetu na yenyewe imegoma?"

"Imegoma, Mama."

"Basi na yenyewe ina kichwa kama chako."

Nilitamani kuiwasha palepale, lakini simu ya Mama ilikuwa imezima chaji. Kesho.

Alhamisi, 3 Julai

Nilichagua Dar es Salaam kwenye ramani, maana Nduguti haimo. Nikawasha ile saa ya kujirekebisha. Ikaandika 17:20 na simu ya Mama ikaandika 17:20. Nikaamuru ipakue. Haikukataa. Taa ilififia mara moja, mashine ya jirani ikaanza kuunguruma, nikashika meza kwa mikono miwili kama vile ninaweza kuizuia isizime. Ikayumba, haikuzima. Nafikiri mashine haikuwa na mbegu nyingi, msimu unaisha.

Ikamaliza. Ikawaka upya. Nikafungua gemu ya magari.

Dada, yanakimbia. Yana vivuli. Ukikata kona vumbi linaruka nyuma kama la pikipiki ya Noel. Nilimwita Sikudhani kwa kupiga kelele juu ya ua, akaja mbio na kandambili moja mguuni na nyingine mkononi. Hatuna padi, tulitumia kibodi, yeye upande wa herufi na mimi upande wa mishale. Alinishinda. Alinishinda tena. Alikuwa hapumui. Kisha akasema polepole, "Angalia, si ungo kweli."

Ijumaa, 4 Julai

Baba alimaliza kupepeta kabla ya adhuhuri. Alijipangusa, akakunja turubai, akasema, "Haya. Nionyeshe."

Noel alikuwa ameshafika. Alikuja na pikipiki yake na kamba ya kufungia mzigo, na padi mbili mfukoni mwa koti. Kamba aliiweka mlangoni mahali nitakapoiona.

Niliwasha. Milima ikaja, gemu ikaja. Nikamwachia Sikudhani kiti. Alikimbiza gari mbele ya Baba na hakugusa ukuta hata mara moja. Baba alisimama nyuma yake na mikono mgongoni, na kwenye kila kona mwili wake uliinama kidogo kufuata gari, kushoto, kulia. Mama alimwona, akanifinya.

Noel akasogea karibu na meza. Kisha akatoa padi, akachomeka, akamwuliza Sikudhani, kwa sauti ya kawaida kabisa, "Naruhusiwa?" Wakacheza. Sikudhani akashinda, halafu Noel akashinda, halafu Sikudhani.

"Nani amekufundisha?" Noel akaniuliza.

"Ilinikatalia mpaka nikaielewa."

Hapo ndipo alipomgeukia Baba. Hakuwa na ile sauti yake ya bandani. Alisema mashine yake moja iliungua juzi, umeme uliporudi kwa nguvu baada ya ile ya kukamua kuzimwa. Amebaki na moja. Vijana wameanza kwenda kwingine. Alisema baba mkubwa hawezi tena kulima kwa sababu ya goti lake, na wadogo zake wanakula kupitia hilo banda. "Baba mdogo, siiombi tena kwa dharau. Naiomba kwa sababu inafanya kazi."

Unaona, dada? Ilipokuwa mbovu aliitaka, na sasa imepona anaitaka zaidi.

"Nitaweka Jumamosi asubuhi iwe ya wasichana," akaniambia.

"Na siku nyingine tupepete?"

Akainamisha kichwa. Sikupenda nilivyolitamka, lakini silirudishi.

Nikamwambia Baba, "Ulisema ikicheza mbele ya macho yako, inabaki hapa. Ulisema mbele ya watu." Mikono nikaificha nyuma. Sijawahi kumwambia Baba "ulisema".

Akavuta kigoda akakaa. "Nilisema," akajibu. "Na sitalimeza. Lakini Noel ni mtoto wa kaka yangu, siwezi kumjibu kama mpita njia. Na kitu chenyewe si changu, si chake, na sijui kama ni chako. Ni cha Ritha, alipewa yeye kwenye duka la stationery kule Singida, alikokuwa akifanya kazi. Mama yenu anakwenda kambini Jumapili, ni siku ya wageni. Ritha aseme mwenyewe. Atakalosema, hakuna atakayeongeza neno."

Noel akakubali. Aliichukua kamba yake. Padi moja akaisahau mezani. Au hakuisahau, sijui.

Jumamosi, 5 Julai

Asubuhi walikuja wasichana saba. Sikuwaalika, Sikudhani ndiye aliyeeneza. Walikaa kwenye mkeka, kila mmoja akingoja zamu yake bila kusukumana, na mmoja ambaye hajawahi kushika kibodi alipopita mstari wa mwisho alisimama akazunguka nyumba mbio kisha akarudi kukaa. Mama aliwapa viazi.

Nimebakiza jambo moja la kukiri. Jana walipoondoka niliweka nywila kwenye kompyuta. Baba hajaniuliza, kwa hiyo sijadanganya, lakini pia sijamwambia. Sasa nimekuandikia wewe, kiapo changu kimetimia.

Nimefikiria sana habari ya goti la baba mkubwa. Siwezi tena kumwona Noel kama nilivyomwona siku ya Idi, na ingekuwa rahisi zaidi kama ningeweza. Lakini naona pia mkeka wa leo asubuhi. Wao wana banda, sisi tuna kiti kimoja.

Daftari hili Mama atakukabidhi mkononi, na amesema mtakaa pamoja kwa saa moja tu. Tafadhali lisome kwanza kabla hamjaongea mengine, uandike jibu lako hapa chini ya mstari wangu, arudi nalo. Ukiandika ni yangu, nitamsomea Baba na Noel nikiwa nimesimama. Ukiandika si yangu, nitamwambia Noel nywila kwa mdomo wangu mwenyewe, nimsaidie kufunga kamba, wala hataona chozi.

Dada Ritha, siku ile unapanda gari na ukaniwekea flashi mkononi, kompyuta hii ulinipa, au uliniachia nikutunzie?